Roy Francis: Kocha aliyebeba kamera wenzake wakibeba ndoo

Harambee unaijua. Unapewa kadi wiki mbili kabla, unakuta jina lako limeshaandikwa kwenye kamati na hakuna aliyekuuliza, na siku yenyewe ikifika kuku mmoja anapigwa mnada mara tatu halafu anarudi nyumbani na mwenyewe.

Sasa, kule kaskazini mwa Uingereza watu wa raga wana harambee yao. Mchezaji akikaa klabu moja kama miaka kumi hivi, anapewa mwaka wa heshima. Kamati inaundwa. Kunapangwa chakula cha jioni na bahati nasibu, jezi kuukuu zinauzwa, mechi ya kirafiki inachezwa na pesa za langoni zinamwendea yeye. Usiku huo wa heshima wachezaji wa zamani wanasimama mmoja mmoja kumtania mwenzao, mashabiki wanacheka hadi machozi, na kabla usiku haujakomaa meza zote zimeshageukia ubishi uleule ambao hata sisi tunao pale base kila Jumatatu: kocha mzuri ni yupi, wa kufoka au wa kukuelewa?

Leo nataka nikupe jina la kurusha kwenye ubishi huo. Roy Francis. Kama hujawahi kulisikia usijilaumu, hata Waingereza wengi hawakuwa wamelisikia hadi juzijuzi.

Kwanza tuelewane ni raga gani. Ile unayoendea Ngong Road, ya Shujaa na wachezaji saba, ni mtoto wa raga ya wachezaji 15. Hii ya leo ni ndugu aliyetoroka nyumbani. Mwaka wa 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield zikajitenga na chama kikuu. Sababu? Pesa. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, mshahara unakatwa. Klabu zikataka zimfidie mchezaji shilingi sita kwa siku aliyoikosa kazini. Mabwana wa kusini wakasema zii, mchezo ni wa kuburudika, si wa kulipwa. Rahisi kusema hivyo ukiwa na shamba la babu. Basi wakaachana. Kaskazini wakabadilisha sheria kidogo kidogo, wakapunguza wachezaji hadi 13, mpira ukawa wa kasi. Na kusini wakaweka adhabu: ukicheza ile ya pesa hata mara moja, kwetu usirudi maishani. Adhabu hiyo ilidumu hadi 1995.

Weka hilo kichwani, maana Roy Francis alikuwa na miaka 17 tu alipovuka mpaka huo.

Alizaliwa Cardiff, Wales, Januari 1919, mtoto mwenye damu mchanganyiko, akalelewa na familia ya kizungu iliyomchukua huko Brynmawr, mji wa milimani. Miaka ya 1930 mji huo ulikuwa umepigwa vibaya na ukosefu wa kazi. Unapita barabarani unaona wanaume wazima wamesimama tu, mikono mifukoni. Kijana alikuwa na mbio, na alicheza raga ya mji wake. Novemba 1936 wakaja watu wa Wigan na pesa zao, akatia sahihi.

Wigan, kama hujui, ni kama Gor Mahia wa mchezo huo. Kijana mweusi wa miaka 17 anaingia uwanja wa Central Park, anavaa jezi ya winga. Ungedhani hadithi imeishia pazuri.

Basi akaja Harry Sunderland. Huyu alikuwa meneja kutoka Australia, mtu mwenye jina kubwa na maneno mengi. Hakumtaka Francis. Januari 1939 akamuuza kwa Barrow, mji wa viwanda vya meli kule pwani ya mbali, baada ya kijana kucheza mechi 12 tu. Wanahistoria wengi wa mchezo huu wanaona rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua, na mimi niko upande wao. Mambo haya hayaandikwi kwenye barua, msee. Wewe unaambiwa tu kwamba mipango ya klabu imebadilika.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa sababu ya karo, wala si rangi. Lakini ule utulivu wa mtu anayekuambia kwa upole kwamba nafasi yako haipo tena naufahamu, na najua unavyotembea kutoka ofisini hadi stejini bila kuona watu.

Kumbuka pia hakuwa na pa kurudi. Nyumbani Wales wanacheza ya 15, na huko alishafungiwa mlango. Akaenda Barrow, akafunga trai.

Vita vikaja. Jeshini Francis akawa sajini wa mazoezi ya viungo, na hapa ndipo naomba utulie kidogo, kwa sababu kazi hii ndiyo iliyokuja kumtengeneza kocha. Mwalimu wa mazoezi jeshini anajifunza mwili wa binadamu: jinsi misuli inavyochoka, jinsi ya kumrudisha mtu aliyeumia, jinsi ya kumfundisha karani mnene na mkulima mwembamba kwa pamoja bila kuwavunja moyo. Michezo ya kiraia wakati huo haikuwa na shule kama hiyo. Aliipata bure, kwa gharama ya Hitler.

Vita vilifanya jambo lingine la kuchekesha. Ile marufuku ya maisha ikawekwa kando kwa wanajeshi, maana jeshi lilitaka kushinda mechi zake na waliojua kucheza walikuwa wale waliofungiwa. Francis akacheza ya 15 akiwa na magwanda. Mwaka wa 1943 na tena 1944 wanajeshi wa raga ya 13 walipambana na wale wa 15, kwa sheria za 15, na wote waliokuwa wanadharauliwa wakashinda mara mbili. Marufuku ikarudishwa baada ya amani, kana kwamba hakuna aliyeona.

1946 ndio mwaka unaouma. Timu ya taifa ya Uingereza ilipanda meli ya kivita iliyoitwa Indomitable kwenda Australia, safari ya kwanza tangu vita viishe. Francis alikuwa mmoja wa mawinga hatari zaidi nchini. Hakuitwa. Australia wakati huo ilikuwa na sera ya kuwazuia watu wasio wazungu kuhamia huko, na inaaminika sana kwamba wateuzi hawakutaka kuwaudhi wenyeji wao. Yaani hata kabla ya mwenye nyumba kulalamika, mgeni ameshamwacha mwenzake mlangoni.

Desemba 1947 New Zealand walikuja. Mechi ya tatu, uwanja wa Odsal mjini Bradford, wakampa jezi. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuichezea Uingereza katika raga hii. Akafunga trai mbili, Uingereza ikashinda 25-9, na hakuitwa tena. Mechi moja, trai mbili, kwaheri. Alimaliza maisha yake ya uchezaji na trai 229 katika mechi 356. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka wa 1949, baada ya kupita Warrington kwa muda mfupi, alifika Hull. Hapa sasa ndipo utamu ulipo.

Hull ni mji wa bandari, wa wavuvi waliokuwa wakienda bahari za barafu wiki nyingi. Klabu yao ilichezea uwanja uitwao Boulevard, katikati ya nyumba za hao wavuvi. Mapema miaka ya 1950 wakampa Francis timu aifundishe akiwa bado anacheza, na 1955 akaweka njumu chini akabaki kocha tu. Ndiye anayetambuliwa kuwa kocha wa kwanza mweusi wa timu ya kulipwa Uingereza, katika mchezo wowote. Ili uelewe uzito wake, soka ya ligi ya Uingereza ilisubiri hadi 1960, Rochdale walipompa timu Tony Collins.

Lakini mimi hiyo ya kuwa wa kwanza siyo inayonisisimua. Mtu anaweza kuwa wa kwanza na akawa hajui kitu. Kinachonisisimua ni alichokifanya alipopewa funguo.

Jua kwamba katika klabu nyingi za enzi hiyo kocha unayemfikiria wewe hakuwepo. Kamati ya wazee wenye biashara zao ndiyo iliyochagua timu Alhamisi usiku. Kisha kulikuwa na mtu wa mazoezi. Kazi yake ilikuwa kuwakimbiza wachezaji kuzunguka uwanja, kuwasugua dawa ya misuli, na siku ya mechi kukimbia uwanjani na ndoo ya maji baridi na sifongo. Umevunjika? Sifongo. Umezimia? Sifongo. Mbinu zilikuwa ni kufoka.

Francis akaja na kamera. Miaka hiyo, filamu ya kukunja kwenye gurudumu, alirekodi mechi, akawaketisha wachezaji kwenye chumba cha giza wajitazame. Leo ukiwa na simu unaona ni jambo dogo. Mfikirie fowadi wa 1956 ambaye maisha yake yote aliamini anarudi haraka kwenye safu ya ulinzi, sasa anajiona kwenye ukuta akitembea kama anakwenda sokoni. Huhitaji kumfokea. Filamu imeshamfokea, tena bila kelele.

Akabadilisha mazoezi. Badala ya kuzungusha kila mtu uwanja mara 20, alifundisha mbio za kasi, za wanariadha hasa, na alitaka hata wale mafowadi wakubwa wajue kukimbia. Kila mchezaji alipewa kazi inayofaa mwili wake. Waliopata majeraha aliwatibu kama mtu aliyesomea, kwa sababu jeshini alisomea kweli. Na alijali vichwa vyao. Kuna mchezaji unayemchochea, kuna unayemtuliza, kuna yule ambaye ukimwambia neno moja baya Jumanne umempoteza hadi Jumapili. Alikaa na mtu, akamjua. Leo timu kubwa zinaajiri mwanasaikolojia na kumpa ofisi yenye kiyoyozi.

Na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: alijali nyumba. Mchezaji mpya akitoka Wales na mke na mtoto, Francis alihakikisha familia imepata mahali pa kuishi. Siku ya mechi za mbali alipanga usafiri ili wake wa wachezaji nao waende kutazama. Kumbuka hawa walikuwa wanafanya kazi za mikono wiki nzima, mazoezi jioni, mechi Jumamosi. Mke anabaki na watoto na ujira mdogo, anaanza kuuona huu mpira kama mke mwenza. Francis alielewa kwamba winga aliyegombana nyumbani asubuhi hawezi kukimbia vizuri jioni. Na pia, nadhani, mtu aliyewahi kutumwa Barrow akiwa kijana wa miaka 20 anajua mji mgeni ulivyo baridi.

Ilifanya kazi? Hull walikuwa na mafowadi wa kutisha: Johnny Whiteley, Tommy Harris, Mick Scott, mapacha Jim na Bill Drake. Mwaka wa 1956 walicheza fainali ya ubingwa dhidi ya Halifax pale Maine Road, Manchester, wakawa nyuma hadi mwishoni kabisa, kisha Colin Hutton akapachika mkwaju wa penalti wakashinda 10-9. Mwaka uliofuata wakapoteza fainali kwa Oldham kwa pointi moja. Mwaka wa 1958 wakawarambisha Workington sakafu 20-3. Wembley ndiko kulikowakataa: 1959 Wigan waliwachapa, 1960 Wakefield wakawapa kichapo cha 38-5 ambacho sitakieleza zaidi kwa heshima ya marehemu.

Kabla hatujaondoka Hull, kuna kijana. Mwaka wa 1961 mwanajeshi mmoja mweusi kutoka Cardiff, ambaye utotoni madaktari walihofia kama atatembea vizuri maana alipasuliwa miguu mara kadhaa, alikuja kujaribiwa akaandikwa kwenye orodha kama Bwana X, jina likafichwa. Akafunga trai tatu. Klabu ikamsajili haraka kabla Jumatatu haijazoea kuwa Jumatatu. Huyo ndiye Clive Sullivan. Miaka 11 baadaye alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia huko Ufaransa, nahodha mweusi wa kwanza wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Alifariki kwa saratani 1985 akiwa na miaka 42, na barabara kuu ya kuingilia Hull ina jina lake hadi leo. Ndiye mtu wa usiku wa heshima hasa, wa kusimamiwa na ukumbi mzima. Kocha aliyempokea siku ya Bwana X ni Francis.

Mwaka wa 1963 Leeds wakamchukua. Leeds walikuwa na pesa, uwanja mzuri wa Headingley, na mashabiki waliozoea kulalamika. Alichukua vijana, akawapa ruhusa ya kucheza mpira wa wazi, pasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, mawinga John Atkinson na Alan Smith wakipaa. Wakaongoza ligi 1967 na 1968.

Fainali ya kombe ya Mei 11, 1968 ukiitafuta mtandaoni utaiona, na hutalala. Leeds na Wakefield, Wembley, watu 87,100. Mvua ilinyesha hadi uwanja ukawa bwawa. Wachezaji wakianguka wanateleza kama samaki. Timu iliyojengwa kwa mbio na pasi sasa iko kwenye ziwa. Leeds 11, Wakefield 7, imebaki dakika moja. Wakefield wanaanzisha mpira, unapigwa teke chini, Ken Hirst anaukimbilia, trai chini ya milingoti. Trai wakati huo ilikuwa pointi tatu: 11-10. Teke la nyongeza ni pointi mbili, mbele kabisa ya goli, na mpigaji ni Don Fox, ambaye alikuwa ameshateuliwa mchezaji bora wa fainali. Hata mimi na sandali zangu ningelifunga. Fox akateleza kidogo, mpira ukaenda pembeni, akaanguka magotini kwenye maji.

Leeds mabingwa. Francis, aliyepanga kila kitu maishani, akapata kombe lake la Wembley kwa jambo ambalo hakuna kamera ingelipanga.

Baada ya hapo alifanya kitu ambacho bado sijakielewa vizuri. Alikwenda Australia. Nchi ileile ambayo 1946 hakupelekwa kwa sababu ya ngozi yake. 1969 North Sydney wakampa timu. Labda alitaka kufika kwa mlango wa mbele. Timu ilikuwa dhaifu, ubaguzi ulimkuta huko, na baada ya misimu miwili alirudi nyumbani. Leeds aliowaacha, vijana wake, walitwaa ubingwa wa 1969 chini ya mtu mwingine. Wewe unapanda embe, mwenzako anaketi kivulini.

Akarudi Hull, kisha Leeds tena, kisha Bradford. Nitaipita haraka, isipokuwa siku moja. Mei 1975 Leeds yake ilishinda fainali dhidi ya St Helens 26-11. Uwanja? Central Park, Wigan. Palepale alipouzwa akiwa kijana. Na tuzo ya mchezaji bora wa fainali hiyo, ambayo ilichukuliwa na mmoja wa vijana wake, iliitwa tuzo ya Harry Sunderland. Naapa sijatunga. Yule meneja alikuwa amekufa zamani na jina lake limewekwa kwenye kikombe, na anayekipokea ni mtu aliyefundishwa na winga ambaye Sunderland hakumtaka. Kama Francis alicheka siku hiyo, alicheka ndani kwa ndani.

Alifariki 1989. Ule utaratibu wa mwaka wa heshima ni wa mchezaji, si wa kocha. Kocha hupigwa kalamu, anabeba mkoba, anatafuta mji mwingine. Waliomkumbuka walikuwa wale aliowafundisha, ambao wengine wao wakawa makocha, kama Whiteley aliyemrithi pale Hull. Mbinu zake zikaenea bila jina lake, hadi kila klabu ikawa na filamu, na mbio, na mtu wa kuzungumza na wachezaji, na basi la familia.

Oktoba 2023, miaka 34 baada ya kifo chake, watu wa Brynmawr walizindua sanamu yake katikati ya mji. Iko pale nje, kwenye mvua ya Wales, umbali mfupi tu kutoka mitaa ambayo kijana wa miaka 17 aliiacha akiwa na viatu vyake vya raga, na treni ya Wigan ikimsubiri.